Siku moja ya mwongoza wageni Tanga: si nyuki peke yao

Saa 12 asubuhi nimeshakunywa chai na mihogo, niko juu ya bodaboda. Watu hudhani kazi yangu ni matembezi na picha. Ni kusimama juani na kusema mpaka koo likauke.

Saa 2 ndiyo ahadi. Wageni wanafika saa 3 na nusu: mzee kutoka Dar na wajukuu wawili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, sisi tupeleke kwenye nyuki."

Nyuki! Kweli waliwauma askari tarehe 4 Novemba 1914, Waingereza na Wajerumani walipopigana hapa Tanga katika Vita Kuu ya Kwanza, tena bila kuchagua upande. Lakini nataka watu waijue tarehe 2, kabla risasi hazijalia. Nikawashusha ufukweni, nikachora meli mchangani kwa kijiti.

Meli ya Kiingereza, Fox, iliingia asubuhi. Nahodha wake Caulfeild alimwita mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, akampa saa moja ausalimishe mji. Akamuuliza pia kama bandari imetegwa mabomu. Hakupata jibu la kumtoa wasiwasi. Auracher akaomba ashuke akashauriane na wenzake. Akashuka, habari zikapelekwa kwa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, na Auracher mwenyewe akaenda kuungana na askari. Bendera haikushushwa. Waingereza wakabaki kufagia mabomu ambayo hayakuwepo, na kikosi chao cha watu wapatao 8,000 kutoka India kikaanza kushuka Ras Kasone jioni. Huku treni zinaleta askari wa Lettow kutoka Moshi. Walizidi 1,000 kidogo tu, wakashinda.

"Na nyuki?" mzee akauliza. Mara ya nne hiyo. Nikarudia tangu mwanzo, jua limeshapanda utosini, shati limegandamana na mgongo. Sikukasirika, ila nilichoka.

Mjukuu mdogo alikuwa amechuchumaa kando ya mchoro. "Kwa hiyo yule bwana alidanganya?"

"Aliomba muda, mwanangu. Wakampa."

Mzee akanyamaza. Halafu akaniomba kijiti, akamwonyesha mtoto meli ilikosimama na reli inakotokea. Alipakosea kidogo, nikaacha.

Sijui tulikula saa ngapi. Relini, makaburini, Ras Kasone, vyote vilipita nikiwa nasikia miguu tu.

Usiku nimeiloweka kwenye maji ya chumvi. Kesho nina wanafunzi 40. Nitaanzia bandarini.