Ramani ya mbio zangu inaanzia getini kwetu

Jamani mnaokimbia asubuhi na app, hebu fungueni setingi muone nani anaziona ruti zenu. Mdogo wangu kaizoom ramani yangu akaniambia dada, mbona mistari yote inaanzia getini? Kweli bwana, na saa imeandikwa, kumi na moja na nusu alfajiri, yaani mwizi hana haja hata ya kumuuliza jirani nyumba inabaki tupu saa ngapi. Na hii siyo stori ya vijiweni, 2018 ramani ya Strava, app ya kurekodi mbio, ilionyesha mpaka njia wanazokimbilia wanajeshi wa Marekani kwenye kambi zao kule Syria na Afghanistan, sembuse mimi wa Tabata.

Nimewasha ile ya kuficha unapoanzia na unapomalizia, lokesheni isome nikiwa naitumia tu, kontakti nimezima (app ya kukimbia inataka namba za mashangazi zangu za nini?). Kuifuta siifuti ng'o, ile rekodi ya wiki ndo inanitoa kitandani.

Iliyonichosha ni ile nyingine ya kupunguza uzito, ina kilo zangu, siku zangu za hedhi, kila kitu, alafu kitufe cha kufuta akaunti hakuna, unaandika imeli unaambiwa subiri. Sasa nimewaandikia tena nikawatajia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, wakiendelea kukaa kimya malalamiko napeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.