Nilivyopima na kugawa kanda za kurejesha uoto kando ya Ghuba ya Speke

Eneo lina hekta 46, ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Magu, Mwanza, kati ya mwalo wa wavuvi na kilima cha mawe, na ufukwe wake una urefu wa karibu kilomita 1.6. Kazi ilikuwa kuonyesha kwenye ramani, kisha ardhini, wapi mafunjo yaachwe yajirudie, wapi miti ipandwe, wapi ng'ombe wapite kwenda majini na wapi kilimo kiendelee.

Nilianza na mstari wa maji, na ningemshauri mtu yeyote aanzie hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Swali ni mita 60 kuanzia wapi? Ziwa Victoria halitulii mahali pamoja. Mwaka 2006 maji yalishuka sana, na Mei 2020 yakapanda kupita hata kile kiwango cha 1964. Tofauti ya kina kati ya 2006 na 2020 ni karibu mita 3. Kwenye ufukwe unaoshuka mita 1 kwa kila mita 50, hizo mita 3 ni mita 150 za ardhi. Ukipima mita 60 kutoka pale wimbi linapogusa mchanga wakati ziwa limeshuka, ukanda wako wote unaweza kuzama baadaye, na miche yote ikaoza mizizi.

Kwa hiyo nilitafuta alama ya juu kabisa ya maji. Kwenye mawe makubwa ya ufukweni inaonekana vizuri ukisogea karibu: juu ya jiwe kuna madoa hai ya kijivu na ya manjano (kuvu na mwani vilivyoota pamoja), yale yanayobanduka ukikwangua kwa kucha, halafu ghafla yanakoma kwa mstari ulionyooka, na chini yake jiwe liko tupu. Maji yakikaa miezi mingi madoa hayo hufa, na huchukua miaka mingi kuota tena. Alama nyingine ni mabua makavu ya mafunjo yaliyokwama kwenye matawi, na makombe ya konokono mchangani mbali na maji. Wazee wa mwalo walinionyesha mahali mitumbwi ilipofungwa mwaka 2020, na palilingana na mstari wa jiwe kwa tofauti ya kiganja kimoja.

Kuhamisha urefu huo kwenye ufukwe mzima nilitumia mpira wa levo wa mafundi ujenzi, ule mwangavu, wa mita 30, na fito mbili zenye vipimo vya sentimita. Mwenzangu anashika ncha moja kwenye alama ya jiwe, mimi naenda na nyingine mbele mita 25, napanda au kushuka mteremko hadi maji ya mpira yasome sawasawa, nachomeka kigingi. Kutoka kwenye kigingi hicho tunaendelea. Kinachoharibu ni viputo vya hewa ndani ya mpira (ugongegonge utoke wote kabla ya kusoma) na jua kupasha upande mmoja tu. Tulifanya alfajiri hadi saa tatu asubuhi, kabla ya upepo, na kila baada ya vigingi kumi tulirudi kuhakiki kwenye jiwe lingine lenye alama.

Usitegemee data za mwinuko za satelaiti kwa kazi hii. Zile za bure za mita 30 zina makosa ya mita kadhaa kwenda juu na chini, na penye mafunjo yanayofika mita 4 au 5 zinasoma karibu na vichwa vya mafunjo badala ya ardhi. Picha zenyewe za satelaiti zinafaa kwa jambo lingine: za Landsat za 2006 na za katikati ya 2020 zilinionyesha ziwa lilisogea upande gani zaidi. Kuna mtego mmoja tu, magugu maji. Kwenye picha yanang'aa kijani kama nchi kavu. Fungua picha za Sentinel-2, satelaiti nyingine, za tarehe nne au tano tofauti. Kinachohama na upepo ni magugu, kisichohama ndiyo ardhi.

Kosa lililonilia siku nyingi lilikuwa la kodineti, yaani namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani. Ramani ya zamani ya kijiji imechorwa kwa mfumo wa zamani wa kodineti uitwao Arc 1960, GPS na simu zinatumia mfumo wa WGS 84. Kwa sehemu zetu, zote ziko kwenye kanda moja ya ramani, UTM kanda ya 36 Kusini, kwa hiyo namba zinafanana sura na huwezi kushtuka. Ukiziweka pamoja bila kubadili, mipaka inahama karibu mita 300 kaskazini-kusini. Nilijua pale barabara ya kijiji ilipotokea majini. Dawa yake si kuivuta ramani kwa kipanya mpaka ilingane. Ndani ya QGIS, programu ya kuchora ramani, liambie tabaka la ramani hiyo kwamba ni Arc 1960 / UTM 36S, kisha liache programu ibadilishe, halafu hakiki kwa vitu visivyohama: njia panda, kona ya shule, kilele cha jiwe.

GPS ya mkononi hukosea mita 3 hadi 5. Kwenye shamba kubwa haidhuru, lakini ukanda wa mita 60 wenye urefu wa kilomita 1 ni hekta 6, na kukosea mita 5 upande mmoja tu ni nusu hekta. Kila kona niliiacha GPS itulie dakika tano, nikarudia siku nyingine, nikachukua wastani. Chini ya miembe haifai kabisa. Na eka za mdomo zisiingie kwenye ramani. Eka ya hatua 70 kwa 70 iko sawa kama hatua ni ya sentimita 91 hivi. Mtu mrefu akitembea, eka yake inazidi.

Udongo niliupima kwa mistari mitano kutoka kilimani hadi majini, mashimo sita kila mstari, kina sentimita 60. Majina ya Kisukuma yanatosha na yana maana zaidi kuliko rangi za ramani: luseni, mchanga wa juu; itogolo, mchanga uliokalia tabaka gumu; mbuga, udongo mweusi wa bondeni. Hakikisha kwa mkono: lowanisha, finyanga, kisha sukuma utepe kwa kidole gumba. Luseni haishikani. Mbuga inatoa utepe unaozidi sentimita 5 bila kukatika. Hapo usipande miche ya miti mirefu bila kufikiri, kwa sababu kiangazi udongo huo hupasuka na kukata mizizi michanga. Kwenye itogolo shida ni maji kusimama juu ya tabaka gumu wakati wa masika, na shimo la kupandia lisipolitoboa, mche unakaa kama kwenye ndoo.

Mifugo ndiyo iliyoamua mipaka mingi. Nilitembea nyuma ya makundi ya ng'ombe mwezi Agosti, simu ikirekodi njia, maana wakati huo malambo yamekauka na kila mtu analeta ziwani. Zilikuwepo njia tano. Tulikubaliana na wafugaji zibaki mbili, zile za kwenye changarawe, upana mita 25, zikipanuka hadi 40 mnyweshoni. Nimeona miradi iliyochora ukanda wa hifadhi bila njia ya mnywesho. Ng'ombe mwenye kiu hasomi ramani, na mchungaji hawezi kumzuia, hivyo uzio unavunjwa wiki ya kwanza na uadui unabaki miaka.

Kanda zikawa nne. Mafunjo, hekta 11, kutoka majini hadi alama ya juu: hakuna kupanda, hakuna moto, na wasukaji wa mikeka wanakata kwa zamu, robo ya eneo kila mwaka. Mafunjo hujirudia yenyewe kutoka kwenye mashina ya chini, mradi yasichomwe wala kung'olewa wakati wa ukame. Ukanda wa miti wa mita 60, hekta 9 ukiondoa mwalo na mnywesho: mikuyu na migunga juu, sesbania upande wa chini inayovumilia mafuriko, na mikaratusi hapana. Kwa nafasi ya mita 4 kwa 4 ingehitajika miche 625 kwa hekta, lakini kwanza tulihesabu visiki vinavyochipua, tukaacha vichipukizi 3 hadi 5 kila kisiki, na idadi ya kununua ikapungua sana. Ngitili, yaani malisho yanayofungwa ili nyasi na miti irudi, hekta 14 mlimani na kwenye makorongo; hili wenyeji wanalijua tangu zamani na halihitaji mafunzo. Zilizobaki, hekta 12, ni mashamba, njia na mwalo.

Ramani ilipita halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu, na ndipo sheria ndogo zikaandikwa. Tuliichora kwanza chini kwa majivu, ukubwa wa ua, kila kaya ikasimama lilipo shamba lake. Makaburi matatu ambayo GPS haikuyagusa yalijulikana hapo.

Mipaka tumeiweka kwa mawe yaliyopakwa chokaa kila mita 50, moja lionekane kutoka kwa lingine, na katikati yake mkonge. Minyaa hatukuipanda kando ya maji, kwa kuwa utomvu wake huua samaki na kuunguza macho. Kwenye jiwe kubwa la mwalo fundi alichonga msalaba kwa patasi. Kila Mei na kila Oktoba tunapima kwa mpira ule ule kutoka msalabani hadi usoni mwa maji, na kuandika kwenye daftari la kijiji.