Siku Moja Maishani Mwangu: Kujenga Sayari Ngeni Mjini Kigoma

Saa kumi na mbili asubuhi Kigoma huwa bado na giza, kwa kuwa mji wetu uko magharibi kabisa mwa nchi ilhali tunafuata saa ileile ya Dar es Salaam, na jua huchomoza karibu saa moja. Muda huo naupangia kazi isiyohitaji kutambua rangi, na leo nilianza kwa kukata povu chini ya taa. Kazi yangu ni kutengeneza mandhari za michezo ya vita ya mezani, yaani vilima, magofu, misitu na miamba ambayo wachezaji huipanga juu ya meza ili sanamu zao ndogo za askari, zenye kimo cha takribani milimita 28, zipate mahali pa kujificha, pa kupanda na pa kupigania. Wateja wangu wengi hucheza michezo ya vita vya anga za mbali, ukiwamo Warhammer 40,000 ulioanza kuuzwa Uingereza mwaka 1987, na kwa hiyo mara nyingi naombwa ardhi ya sayari ngeni.

Povu ninalotumia ni lile jeupe linalokinga friji na televisheni ndani ya maboksi, ambalo wenye maduka ya vyombo vya umeme katika mtaa wa Mwanga huniwekea badala ya kulitupa. Nalikata kwa waya wa koili unaopashwa moto kwa umeme mdogo, milango na madirisha yakiwa wazi, kwa sababu moshi wake hudhuru mapafu. Kila kilima nakipa ngazi pana zinazoweza kusimamisha sanamu yenye kitako cha milimita 32. Kilima chenye mteremko laini hupendeza macho, lakini sanamu huteleza juu yake na mchezo ukaharibika.

Saa mbili, mwanga ulipotosha, niliketi na mchoro wa oda ya sasa. Naamini kwamba sayari ngeni humshawishi mchezaji pale inapokuwa na kanuni moja ya maumbile inayotawala kila kipande, na ndiyo maana sianzi kazi kabla sijajua nyota ya sayari hiyo ni ya namna gani. Mteja wa safari hii aliomba dunia inayozunguka nyota kibete nyekundu, yaani nyota ndogo yenye mwanga hafifu mwekundu, mfano wa Proxima Centauri iliyo umbali wa miaka ya nuru 4.2 hivi, ambayo mwaka 2016 ilitangazwa kuwa na sayari. Sayari iliyo karibu sana na nyota ya aina hiyo inaweza kuielekezea upande mmoja daima, kama Mwezi unavyoielekea Dunia, na wapo wanasayansi waliopendekeza kwamba mimea yake ingeweza kuwa myeusi ili ifyonze mwanga wote unaopatikana. Kutokana na hayo nikapata kanuni yangu: nyota haihami angani, mimea yote ni ya giza, na kila shina limeinama kuelekea ukingo mmoja wa meza.

Saa tatu nilishuka mwaloni Kibirizi kutafuta magamba ya konokono ya kutumia kama mashina hayo. Ziwa Tanganyika lina konokono aitwaye Neothauma, asiyepatikana ziwa jingine lolote, na magamba yake matupu yametanda sehemu kubwa za sakafu ya ziwa, ambako samaki wadogo huyafanya makazi na kutagia mayai humo. Kwa ajili ya samaki hao siyagusi yaliyomo majini; naokota yale tu ambayo mawimbi yameyatupa mchangani.

"Shikamoo, mama," nilimsalimu mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa.

"Marahaba, mwanangu. Makonokono yako nimekuwekea pale chini ya kichanja."

Gamba moja la sentimita nne, likisimamishwa wima kando ya askari wa milimita 28, linakuwa refu kuliko yeye, na mdomo wake unakuwa pango ambalo anaweza kuchungulia. Mizunguko yake imepangika kwa utaratibu ambao mikono yangu haiwezi kuuchonga kwenye povu.

Saa tano tulianza kubandika, mimi na mpwa wangu anayejifunza kazi. Magamba tuliyapanga juu ya vilima yote yakiinamia upande mmoja, tukajaza miguuni mwake maganda ya mise, yaani kokwa za mchikichi, yaliyopondwa, ambayo hapa kwetu hayakosekani palipo na wakamuaji wa mawese, na juu ya yote tukapaka uji wa gundi ya mbao, mchanga uliochekechwa na rangi nyeusi ya maji.

"Mjomba, kwa nini tusipulize tu rangi ya kopo tukamaliza?" aliuliza.

Nikampa kipande cha povu na kopo, akaenda kujaribu uani. Kiyeyushi kilichomo kwenye rangi ile huyeyusha povu, na muda si mrefu alirudi na kipande kilicholiwa, chenye mashimo makali pembezoni. Tuliendelea na brashi. Uji ule ukikauka huwa ngozi ngumu, na baada ya hapo rangi yoyote ya maji hushika vizuri.

Vipande vilikaa juani huku tukila ugali kwa migebuka.

Kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja nilipaka rangi, na hii ndiyo sehemu ya siku ninayoipenda kupita zote. Juu ya weusi ule nilitanguliza zambarau nzito. Kisha nikachovya brashi pana katika rangi nyekundu iliyokolea, nikaifuta kwenye kitambaa mpaka ikabaki kama kavu, nikaipitisha juujuu ili rangi ishike kwenye kingo na mikwaruzo tu na kuyaacha mabonde gizani. Kwa kawaida mtu hupitisha brashi hiyo pande zote. Mimi niliipitisha kutoka upande wa nyota peke yake, mara ya pili kwa chungwa, na upande wa pili nikaugusa kwa kijivu cha samawati. Baadaye nilimimina rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa maji yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo, ambalo huifanya itiririke hadi ndani ya mizunguko ya magamba. Vanishi ya kung'aa niliipaka midomoni mwa magamba pekee, ili yaonekane kuwa na majimaji ya kiumbe hai. Mwamba mdogo uking'aa huonekana plastiki mara moja.

Saa kumi na moja walikuja vijana wawili wanaonisaidia kujaribu mandhari. Tulizipanga juu ya meza ya futi 6 kwa 4, nao wakacheza raundi chache kwa dadu na tepu ya kupimia inchi. Jicho langu lilikuwa kwao, kwa sababu mandhari isiyokata mstari wa macho kati ya majeshi mawili ni pambo, na anayeanza kufyatua hushinda kabla mwenzake hajasogea. Kila mmoja aliinama hadi usawa wa meza kuangalia kama askari wake anaonekana. Tulikubaliana kwamba katikati panahitaji mwamba mmoja wa kimo cha sentimita 12 hivi, na kwamba nafasi kati ya vipande viwili vya kaskazini ipanuliwe ili vidole vipite bila kuangusha sanamu.

Baada ya magharibi nilianza kufungasha vile vilivyokamilika. Reli kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 1,250, na mzigo hushushwa na mikono ya watu wengi, hivyo kila kipande nilikitengea chumba chake cha kadibodi na kukizungushia matambara. Chini ya kila kitako nilipaka alama nyeupe upande wa nyota, na ndani ya boksi nikaweka karatasi inayomweleza mteja azielekeze alama zote kwenye ukingo uleule wa meza, hata anapobadilisha mpangilio wa vilima kutoka mchezo hadi mchezo. Mwamba wa katikati utafuata kwenye boksi la pili.