Nilivyoijua roki ya progresivu kwa kufuata watu, sio majina ya bendi

Roki nilikuwa naisikia juu juu tu, zile nyimbo za dakika tatu nne, ubeti kiitikio ubeti kiitikio basi imeisha. Siku moja rafiki yangu akanirushia The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, albamu ya 1973 ya roki ya progresivu, yaani roki ya nyimbo ndefu zinazobadilika mapigo, akaniambia vaa hedifoni, zima taa, na usiruke wimbo hata mmoja. Nikafika kwenye Money, ule unaoanza na milio ya sarafu na mashine ya hela ya dukani, nikawa nagonga meza kwa kidole moja mbili tatu nne kama nilivyozoea, nikapotea. Nikarudisha, nikapotea tena. Kama mara ya tano hivi ndo nikashtuka kwamba ile milio yenyewe iko saba, inazunguka saba, na besi nayo inakuja na saba zake, nikagonga moja mpaka saba nikarudi kwenye moja ikakaa sawasawa. Alafu solo la gitaa linapoingia kidole kikagoma tena, kumbe pale wamehamia kwenye nne, ndo maana wimbo unaanza kukimbia kama gari lililotoka kwenye vumbi likakanyaga lami. Usingizi ukaisha palepale.

Sasa kesho yake nikataka zingine kama hizo, na hapo ndo nilihangaika. Apu ya muziki ikawa inanipa Pink Floyd walewale au roki yoyote ile ya miaka ya 70. Nikajaribu kufuata orodha ndefu za albamu bora, ya kwanza mpaka ya mwisho, wiki moja tu zote zikachanganyikana kichwani sikumbuki ipi ni ipi.

Kilichonisaidia ni kusoma majina ya wapigaji. Nilikuwa na In the Court of the Crimson King ya King Crimson, 1969, ile sauti ya mwimbaji ikanikaa sana, nikatafuta ni nani, nikaambiwa Greg Lake, ndo anapiga na besi humo, na 1970 tayari yuko kwenye bendi nyingine, Emerson, Lake & Palmer. Nikasema ahaa, kumbe njia ni hii!

Nikamchukua Bill Bruford, mpiga drams. Huyu yuko kwenye Close to the Edge ya Yes, 1972, ambayo wimbo wenye jina hilo unakula upande mzima wa sahani ya santuri, dakika 18 na ushee. Walipomaliza kurekodi akahama, akaenda King Crimson, msikilize kwenye Red ya 1974, na 1976 akazunguka na Genesis kwenye maonyesho kwasababu mwimbaji wao Peter Gabriel alishaondoka na Phil Collins, mpiga drams wao, ndo kahamia mbele kuimba. Mtu mmoja, bendi tatu kubwa, na ukishauzoea ule mlio wa snea yake, ile ngoma ya mbele ya drams, mkavu halafu unalia, unamtambua popote.

Njia hiyohiyo ikanipeleka Italia. Peter Sinfield, aliyekuwa anaandika mashairi ya King Crimson, ndo aliwaandikia PFM (Premiata Forneria Marconi), bendi ya Italia, maneno ya Kiingereza kwenye Photos of Ghosts ya 1973. Nikarudi nyuma kwenye Storia di un minuto yao ya 1972, Kiitaliano kitupu, sielewi neno lakini naipenda kuliko ile ya Kiingereza, yaani ile lugha inateleza na muziki, alafu nikaingia Banco del Mutuo Soccorso, bendi nyingine ya hukohuko, na hadi leo sijatoka.

Njia nyingine ni kufuata ala. Mi nilishikwa na melotroni, ni kinanda ambacho kila kitufe kinavuta utepe wake uliorekodiwa vayolini au filimbi au kwaya, sekunde kama nane utepe unaisha, lazima uachie ndo ujirudishe. Sikiliza mwanzo wa Watcher of the Skies wa Genesis, 1972, ule ukungu mzito wote ni hicho kinanda. Kwa kukifuata nikafika mpaka kwa Opeth, bendi ya metali ya Sweden, ambao sauti zao za kunguruma zilikuwa zinanishinda, lakini Damnation ya 2003 haina kunguruma, imetulia, melotroni imejaa, na kwenye utengenezaji yumo Steven Wilson wa Porcupine Tree, huyuhuyu aliyekuja kuzimiksi upya albamu za King Crimson na Yes. Mduara umefunga!

Ushauri wangu, chukua albamu moja ukae nayo wiki nzima, na usiihukumu kabla hujaisikiliza mara tatu. Magma wa Ufaransa, wanaoimba kwa lugha waliyojibunia wenyewe, nimewajaribu hivyo na bado hawajaniingia, nimewaweka pembeni nitawarudia. Wiki hii niko na Pawn Hearts ya Van der Graaf Generator, 1971, na gitaa la mwalikwa humo ni Robert Fripp, mpiga gitaa wa King Crimson.