Kuona nyangumi kutoka barabarani: egesha, zima injini, subiri

Anayeendesha gari kando ya bahari haoni wanyama. Dereva ana kona za kuangalia, na abiria anayetupa jicho majini gari likiwa linakimbia ataona maji tu. Kwa safari ya siku nzima chagua vituo vinne au vitano, na kila kimoja ukipe angalau dakika 30. Ukisimama mara 15 kwa dakika tano tano utarudi na picha nyingi za bahari tupu. Sababu ni namna nyangumi anavyopumua. Nyangumi wa kijivu hutoa pumzi (mvuke unaoruka juu ya maji) mara tatu hadi tano, kisha huzama kwa dakika tatu hadi tano, mara nyingine zaidi. Ukifika wakati amezama na ukaondoka kabla hajaibuka, kwako hakuwepo.

Kabla ya kuchagua vituo, amua utaelekea wapi, ili bahari iwe upande wa njia yako. Highway 1 ya California, ambako magari hupita kulia, iendeshwe kutoka kaskazini kwenda kusini. Great Ocean Road ya Australia, wanakopita kushoto, ianzie Torquay kwenda magharibi. Clarence Drive ya Afrika Kusini ni bora ukitokea upande wa Hermanus kuelekea Gordon's Bay. Hapo unaingia kwenye maegesho ya kando bila kukatiza magari yanayokuja mbele yako, na kukatiza kwenye kona isiyoonekana ni hatari kuliko mnyama yeyote utakayemkuta.

Majira nayo usiyabahatishe. Pwani ya California, nyangumi wa kijivu wanaoelekea kusini huwa wengi Januari. Kuanzia Februari hadi Mei hurudi kaskazini, na wa mwisho ni majike wenye ndama, ambao hupita karibu zaidi na ufuko. Hermanus hupata nyangumi aina ya southern right kati ya Juni na Novemba.

Urefu wa mahali unaposimama hubadilisha kila kitu. Chukua urefu wa macho yako juu ya bahari kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 3.57: hizo ndizo kilomita hadi upeo wa macho. Ufukweni, macho yakiwa mita 1.7, unaona chini kidogo ya kilomita 5. Juu ya jabali la mita 30 unafika karibu kilomita 20. Lakini usipande kupita kiasi, maana pumzi iliyo kilomita 15 ni doa tu. Mimi napendelea mita 20 hadi 40 kwa nyangumi. Kwa sili na fisi maji wa baharini, shuka chini kabisa.

Pwani inayotazama magharibi ni ya asubuhi, jua likiwa mgongoni; inayotazama mashariki ni ya alasiri. Upepo ukizidi kama kilomita 20 kwa saa, mapovu meupe hujaa kila mahali na kila moja hufanana na pumzi. Siku hiyo achana na nyangumi, nenda kwenye ghuba zilizokingwa.

Anza kwa macho matupu. Pitisha macho polepole kutoka kushoto hadi kulia, kwanza karibu na upeo, kisha katikati, kisha karibu na miamba. Kosa la kawaida ni kushika darubini mara tu unaposhuka garini: inakuonyesha kipande kidogo cha bahari, na pumzi hutokea nje yake. Ukiona mvuke, linganisha mahali pale na alama ya nchi kavu, ndipo uinue darubini. Akizama, usikodolee palepale. Kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, dakika tano humsogeza mita 500, basi tafuta mbele, upande aliokuwa akielekea.

Umbo la pumzi husaidia. Yenye matawi mawili kama herufi V ni ya southern right, ambaye pia hana pezi la mgongoni. Ya kachaloti, nyangumi mwenye kichwa kikubwa, huinama mbele na kushoto. Ndege wanaojirusha majini kwa wingi sehemu moja ni ishara ya samaki, na pomboo mara nyingi hawako mbali.

Darubini ya 8x42 (inayokuza mara nane, yenye lenzi ya milimita 42) inatosha. Ya 10x hukuza zaidi, lakini hukuza na mtetemo wa mikono. Iegemeze juu ya nguo iliyokunjwa dirishani, kioo kikiwa kimeshushwa na injini imezimwa, la sivyo mtetemo na hewa ya moto kutoka kwenye boneti vitavuruga picha. Vichwa vya mwani hudanganya sana: huinuka na kushuka na wimbi, basi. Fisi maji hulala chali, hujibiringisha, huinua miguu. Sili husimama wima majini kama chupa, kisha hudidimia.

Piedras Blancas, kaskazini ya San Simeon huko California, sili-tembo huonekana mwaka mzima kutoka kwenye njia ya mbao. Watoto huzaliwa Desemba hadi Februari. Pwani za Marekani, pendekezo ni kukaa kama mita 45 kutoka kwa sili na 90 kutoka kwa nyangumi. Mtoto wa sili aliye peke yake mchangani si lazima awe ametelekezwa, kwa hiyo usimsukume majini. Droni ibaki kwenye mkoba.

Maliza safari kabla ya giza, kwani jua linapotua ndipo kulungu na kangaruu huvuka barabara. Akivuka mmoja, punguza mwendo umngoje wa pili. Na karibu na makoloni ya pengwini, chungulia chini ya gari kabla ya kuwasha injini: huingia humo kutafuta kivuli.