Radegunda, malkia aliyepaka viatu mafuta

Tarehe 13 Agosti ni sikukuu ya Mtakatifu Radegunda. Kalenda ya parokiani haimtaji, basi nimwandike mimi.

Alizaliwa yapata mwaka 520 katika ukoo wa kifalme wa Thuringia, Ujerumani ya leo. Baba yake aliuawa na ndugu wa damu. Mwaka 531 Wafranki wakaivamia nchi yao, na mtoto akaangukia fungu la mateka la Chlothar, mfalme wa Wafranki, aliyemlea kisha akamwoa. Miaka ikapita, Chlothar akamuua kaka yake Radegunda. Hapo ndoa ikamshinda.

Alikimbilia Noyon, katika Ufaransa ya leo, kwa Askofu Medard, akaomba awekwe wakfu. Askofu akasita, maana wakuu wa mfalme walimfuata mpaka kanisani wakimwonya asithubutu kumgusa mke wa mfalme. Radegunda hakubembeleza. Aliingia sakristia, chumba cha mavazi ya ibada, akavaa mavazi ya kitawa mwenyewe, akatoka hadi altareni na kumwambia askofu kwamba akimwogopa mtu kuliko Mungu, roho ya kondoo huyu ataidaiwa yeye. Medard akamwekea mikono, akamfanya shemasi. Na huyo ndiye malkia anayesifiwa kwa unyenyekevu!

Huko Poitiers akaanzisha monasteri, lakini uabesi, yaani ukuu wa monasteri, akampa Agnes, msichana aliyelelewa naye. Mwenyewe alishika zamu ya jikoni. Usiku, wenzake wakiwa wamelala, alikusanya viatu vyao, akavisafisha, akavipaka mafuta, kisha akamrudishia kila mmoja vyake.

Ila palipohitajika jina la kifalme, alilitumia bila haya. Wafalme wakipigana, aliwaandikia barua wapatane. Alituma watu hadi Konstantinopoli, makao ya Kaisari wa Roma ya Mashariki, na mwaka 569 Kaisari Justin II akampa kipande cha Msalaba wa Bwana. Askofu wa Poitiers aligoma kukipokea. Alipanda farasi akaenda zake shambani, ikabidi aje askofu wa Tours. Fortunatus, mshairi rafiki wa Radegunda, alitunga kwa ajili ya mapokezi hayo *Vexilla Regis*, utenzi ambao Kanisa linauimba hadi leo katika Juma Kuu.

Alifariki mwaka 587. Mwaka 589 watawa wapatao 40 wakaasi na kutoka monasterini, wakiongozwa na binti wa mfalme. Lalamiko lake: humo ndani wanatendewa kana kwamba si watoto wa wafalme, bali wa watumwa.