Fosfeti kwenye tangi la matumbawe: usiishushe kwa pupa

Wenye matangi ya matumbawe, tafadhali msiikimbize fosfeti (kirutubishi kinachotokana na chakula na uchafu) hadi sifuri. Lengeni 0.03 hadi 0.1 ppm (sehemu kwa milioni). Ikiisha kabisa matumbawe hupauka, na dinoflajelati, ule utelezi wa kahawia wenye viputo, hupata nafasi ya kutanda.

Kipimo chako kikisoma fosforasi kwa ppb (sehemu kwa bilioni), zidisha kwa 3.066 ndipo upate fosfeti: 20 inakuwa kama 61 ppb, yaani 0.06 ppm.

Punje za oksidi ya chuma, zinazonyonya fosfeti, hufanya kazi vizuri, na kwa kasi mno. Hapo ndipo akropora nyingi (matumbawe magumu yenye matawi) hufa. Anza na nusu ya kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Zisuuze kwa maji ya RO (yaliyochujwa kwa osmosisi kinyume) mpaka yatoke bila rangi ya kutu, kisha zitie kwenye riakta (mrija ambao maji ya tangi hupitishwa ndani yake), za juu zicheze taratibu tu. Zikirushwa kwa nguvu husagika, vumbi likaingia tangini. Pima kila baada ya siku mbili, na alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi) pia, maana huweza kushuka.

Namba ikirudi juu wiki inayofuata usishtuke: mawe na mchanga wa kalsiamu kaboneti hushika fosfeti, na huiachia pale ya majini inapopungua. Badilisha punje, endelea. Na maji yanayotoka kwenye chakula cha samaki kilichogandishwa kikiyeyuka, mwaga, maana nayo hubeba fosfeti.